Vipimo vya mkojo ni safi, lakini maumivu ya kibofu hayaniachi

BARUA

Kamwene, Mama Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika mkoa wa Njombe, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na tumejaliwa mtoto mmoja wa kike. Nilizaliwa na kukulia Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, na huku kwenye baridi nilikuja kwa ajili ya kazi, ndipo nikampata mume wangu, ambaye ni mwenyeji wa hapa na anafanya biashara ya viazi. Naomba usichapishe jina langu wala la shule ninayofundisha, kwa sababu mji wetu ni mdogo na mambo yangu tayari yanazungumzwa kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Tatizo langu lilianza miaka kadhaa iliyopita, baada ya kuugua UTI ambayo ilithibitishwa hospitali kwa kuotesha mkojo. Nilipewa dawa, homa ikaisha, lakini maumivu hayakuondoka. Yalibaki chini ya kitovu, juu kidogo ya mfupa wa kinena, na tangu wakati huo huongezeka kadiri kibofu kinavyojaa, kisha hupungua kwa muda mfupi nikishakojoa. Siku hizi yanashuka mpaka mapaja kwa ndani na kuzunguka kiunoni. Usiku naamka mara nyingi, na wewe unajua baridi ya huku ya mwezi wa Juni na Julai. Choo chetu kipo nje, hivyo najifunga vitenge viwili, natoka, nakojoa matone machache, narudi kitandani, na kabla mwili haujapata joto naanza kusikia haja tena.

Kazini nimekuwa mtu wa kukwepa. Vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 vimekuwa mtihani kwangu kuliko kwa wanafunzi, na nimezoea kuwapa zoezi la kuandika ili nipate nafasi ya kutoka. Nikisafiri kwenda Mbeya kuwasalimia ndugu, nakata tiketi ya kiti cha mbele niwe karibu na kondakta, maana kabla hatujafika Makambako nakuwa nimeshamwomba asimamishe gari tuchimbe dawa. Abiria wakiguna nasikia. Kwa sababu hiyo nimepunguza sana maji ya kunywa, na siku za safari sinywi kabisa.

Kila nilikokwenda, iwe zahanati au duka la dawa, niliambiwa ni UTI sugu, nikapewa vidonge, na nyakati nyingine sindano. Nilikuwa napata nafuu ya siku chache, au pengine nilikuwa natamani tu niione nafuu. Hatimaye nilipewa rufaa. Mkojo ulipimwa na kuoteshwa, hakuna kilichoota. Nikapigwa utrasaundi, figo na kibofu vikaonekana vizuri. Daktari akaniambia, kwa maneno haya kama ninavyoyakumbuka: “Kibofu chako si kibovu kiasi hicho. Tatizo kubwa lipo kwenye mishipa ya fahamu. Uti wa mgongo unasikia maumivu kupita kiasi.” Akaniandikia amitriptilini, ninywe kidonge kimoja cha miligramu 25 kila usiku. Foleni nje ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Nilipokwenda kununua dawa hiyo nilikuwa na wifi yangu. Muuzaji alisoma karatasi, akaniangalia, akaniuliza kama nina msongo wa mawazo, kwa sababu dawa hiyo hupewa wagonjwa wa sonona. Tangu siku ile habari imeenea kwa mawifi na mashemeji kwamba mimi naumwa akili. Mama mkwe wangu ana maelezo yake: anasema nimetupiwa kitu, na amekwisha kumpata mganga wa kunipeleka. Wapo wanaosema nasingizia tu, kwamba ugonjwa wangu ni njia ya kumnyima mume haki yake, kwa kuwa ni kweli tendo la ndoa limekuwa likiniumiza na nimekuwa nikilikwepa. Mume wangu alikuwa mpole sana mwanzoni. Wiki iliyopita, tukiwa wawili chumbani, aliniuliza: “Kama daktari ameona huna ugonjwa, kwa nini kila nikikukaribia unaumwa?” Sikuwa na jibu. Sasa ukoo unataka kikao baada ya mavuno.

Vidonge vipo kwenye mkoba wangu wa kazini, sijavifungua. Nikivimeza, je, nitakuwa nimekubali kwamba tatizo langu ni akili? Nisipovimeza, nitaishi hivi mpaka lini? Na kama shida ipo mgongoni, mbona mimi nasikia maumivu kwenye kibofu? Mume wangu nimweleze nini kuhusu ugonjwa ambao mashine haiuoni?

Mwalimu, Njombe

MAJIBU

Kamwene, Mwalimu.

Nimeisoma barua yako kwa kurudiarudia, na kabla sijasema lolote napenda ujue kwamba nayaamini maumivu yako. Naona ndani ya barua hii maumivu ambayo kwa muda mrefu yamekuwa yakipewa jina lisilo lake, dawa iliyoharibiwa sifa kabla hujaimeza, na ndoa ambayo sasa inapimwa kwa majibu ya maabara. Mambo hayo yameshikana kiasi kwamba unaniuliza kuhusu kidonge, lakini nahisi unauliza pia kama una haki ya kuaminiwa. Hilo la pili nakujibu sasa hivi, mwanangu: unayo. Hayo mengine tuyazungumze taratibu.

Naomba tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu yamebadilika yakiwa njiani. Daktari, kama ulivyomnukuu, alisema kibofu chako si kibovu kiasi hicho na kwamba tatizo kubwa lipo kwenye mishipa ya fahamu. Mume wako anasema daktari ameona huna ugonjwa. Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa. Je, yupo mtu mwingine yeyote wa nyumbani aliyemsikia daktari kwa masikio yake? Na wewe mwenyewe, ulipotoka kwenye kile chumba, uliondoka na kauli ipi moyoni? Nauliza kwa sababu katika maswali yako nasikia kana kwamba na wewe umeanza kuishika ile ya mume wako.

Sasa nijaribu kukueleza kile ambacho foleni haikumpa daktari nafasi ya kukueleza. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 400 hadi 500 za mkojo, na katika ukuta wake zimo nyuzi za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazopeleka habari mgongoni. Zipo nyuzi nyembamba zenye utando wa mafuta, ambazo hupima jinsi ukuta unavyotanuka, na hizo ndizo humjulisha mtu kwamba muda wa kwenda haja umekaribia. Zipo nyingine nyembamba zaidi, zisizo na utando huo, ambazo nyingi hukaa kimya mtu akiwa mzima na kuamka pale kibofu kinapovimba au kuunguzwa na kitu. Maambukizi kama yale uliyoyapata mwanzo huziamsha. Kwa watu wengi hutulia tena bakteria wakishakwisha. Kwa baadhi hubaki macho, na kuanzia hapo kibofu kujaa tu, bila mdudu yeyote ndani yake, kunatosha kupeleka habari ya maumivu. Maumivu yanayopanda kibofu kikijaa na kushuka ukishakojoa, kama unavyoyaeleza, yanaelekeana na hali hiyo.

Habari hizo huingia kwenye ugwe mgongo, yaani ule uzi laini wa neva unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo. Zinaingilia sehemu mbili: nyingine katika vipande vya chini kabisa vya ugwe, vinavyoandikwa S2 hadi S4, na nyingine juu zaidi, kati ya T10 na L2, yaani vipande vya chini ya kifua na vya kiuno. Kwa mtu mzima ugwe wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo hata vile vipande vya chini vinavyopokea habari za kibofu chako vipo juu kuliko wengi wanavyodhani, karibu na usawa wa mbavu za mwisho mgongoni. Hapo, katika upande wa nyuma wa ugwe, neva zinazotoka kibofuni hukabidhi habari zao kwa seli nyingine ambazo ndizo huzipandisha kwenye ubongo.

Swali lako la kwa nini unasikia kibofuni, na sasa kwenye mapaja na kiuno, jibu lake lipo kwenye makabidhiano hayo. Seli zilezile zinazopokea habari za kibofu hupokea pia habari za ngozi ya kinena, za mapaja kwa ndani, za msamba, za utumbo mpana na za mfuko wa uzazi. Fikiria ofisi ya mtendaji wa kijiji inayopokea malalamiko kutoka vitongoji vyote, kisha ikapeleka wilayani barua moja isiyotaja kitongoji: wilaya itajua kuna shida, lakini itakisia imetokea wapi, na mara nyingi itakitaja kitongoji ambacho inasikia habari zake kila siku. Ubongo una uzoefu mkubwa na ngozi na misuli kuliko na viungo vya ndani, kwa hiyo maumivu ya kibofu husikika pia pajani au kiunoni, mahali ambapo ukipagusa huoni jeraha lolote. Jambo hili si geni katika tiba. Daktari Mwingereza Henry Head aliliandika mwaka 1893, akachora maeneo ya ngozi yanayouma pale kiungo fulani cha ndani kinapougua.

Lipo na jingine, na nadhani ndilo daktari wako alilolikusudia aliposema ugwe unasikia kupita kiasi. Habari za maumivu zinapofika mfululizo kwa muda mrefu, seli za ugwe zenyewe hubadilika. Kemikali ya glutameti na nyingine zinazotolewa na nyuzi zile huamsha vipokezi ambavyo kwa kawaida havina kazi nyingi, na seli huanza kujibu kwa nguvu hata kwa habari ndogo, tena huendelea kujibu baada ya habari kukoma. Mtafiti Clifford Woolf alionyesha mwaka 1983, kwa majaribio ya wanyama, kwamba baada ya jeraha badiliko kama hilo hutokea ndani ya ugwe mgongo, mbali na mahali palipojeruhiwa. Utrasaundi haiwezi kuliona. Yenyewe huonyesha umbo la kiungo, na kuotesha mkojo huonyesha bakteria wanaokubali kuota. Hakuna kati ya vipimo hivyo viwili kinachopima jinsi seli za ugwe zinavyojibu. Mashine zako, kwa hiyo, zilijibu maswali ziliyoulizwa, na juu ya maumivu yenyewe hazikuulizwa chochote.

Hapo ndipo kidonge kinapoingia. Kutoka kwenye shina la ubongo zipo neva zinazoshuka mpaka kwenye ugwe, zikitumia kemikali za serotonini na noradrenalini, nazo zina uwezo wa kupunguza ukali wa habari za maumivu zinazopanda. Amitriptilini huzifanya kemikali hizo zikae kazini kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu kemikali hizohizo zinahusika pia na hali ya moyo wa mtu, dawa ilianza kutumika kwa sonona, lakini leo inaandikwa kwa maumivu ya neva, kwa kuzuia kipandauso na kwa maumivu ya kibofu kama yako. Kwa maumivu madaktari wengi huanza na miligramu 10 au 25 usiku. Kwa sonona dozi hupandishwa mara nyingi kufikia miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Muuzaji wako hakusema uongo, ila alikupa nusu ya habari, na alikupa mbele ya wifi yako, jambo ambalo kwa kweli limenisikitisha. Karatasi ya daktari ni siri ya mgonjwa, hata dukani.

Pamoja na hayo siwezi kukuambia uimeze, wala kukuambia uiache, kwa sababu ina faida na gharama ambazo wewe ndiye utakayeishi nazo. Inaleta usingizi, na kwa mtu anayeamka usiku kucha hilo laweza kuwa nafuu, lakini wengine huamka asubuhi wakiwa wazito, na wewe una kipindi cha kwanza. Inakausha mdomo, na inaweza kuleta choo kigumu. Usilichukulie hili kuwa jambo dogo, kwa maana utumbo mpana unashirikiana na kibofu kwenye vipande vilevile vya ugwe, na utumbo ukijaa, kibofu nacho huchokozeka. Kwa baadhi ya watu inafanya mkojo utoke kwa shida. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho anapaswa kumwambia daktari kabla hajaanza, vivyo hivyo mwenye mimba au anayetarajia kuipata, na anayetumia tramadol au dawa nyingine yoyote ya akili au ya maumivu. Haifanyi kazi kwa siku moja. Mara nyingi wiki kadhaa hupita kabla mtu hajajua kama inamsaidia, na wapo ambao haiwasaidii. Ukiianza, usiikate ghafla bila kuzungumza na daktari, na iweke mbali kabisa na mkono wa binti yako, kwa sababu ikimezwa kwa wingi ni hatari kwa moyo.

Kutoimeza nako kuna gharama zake. Kukosa usingizi hudhoofisha ule uwezo wa ubongo wa kutuliza maumivu, kwa hiyo usiku mbaya huzaa mchana mbaya. Tena nina wasiwasi kwamba ukiendelea hivi utarudi kwenye dawa na sindano za UTI kila maumivu yanapopanda, ilhali hakuna kilichoota. Viuavijasumu visivyohitajika havigusi maumivu ya aina hii, huku vikiwafundisha bakteria kuzoea dawa, na siku utakapopata maambukizi ya kweli huenda zikakosa nguvu.

Kabla hujafika kwenye uamuzi huo, hata hivyo, kuna jambo katika barua yako ambalo umelipitia haraka, nami limenisimamisha. Umekulia kando ya Ziwa Nyasa. Je, ulikuwa ukioga na kuteka maji ziwani au kwenye vijito vya mashamba ya mpunga? Je, uliwahi kukojoa damu utotoni, na je, daktari wa rufaa alijua ulikotoka? Kichocho cha kibofu kinaweza kukaa mwilini miaka mingi, kikaumiza kibofu na pia njia ya uzazi, na hakiwezi kuonekana kwa kuotesha mkojo kwa sababu si bakteria. Mayai yake hutafutwa kwa hadubini, na mkojo unaofaa zaidi ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia njia ya mkojo, na bakteria wake hawaoti kwenye kipimo cha kawaida. Yapo pia magonjwa ya mfuko wa uzazi. Hukuniambia kama maumivu huzidi unapokaribia siku zako. Sisemi kwamba unayo mojawapo ya haya. Ninasema ni maswali halali ya kumpelekea daktari, na kuyauliza si kumkosea heshima. Ugwe unaosikia kupita kiasi na ugonjwa mwingine kibofuni vinaweza pia kuwapo kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Na endapo utaona damu kwenye mkojo, ukapata homa yenye maumivu ya ubavuni, mkojo ukakataa kutoka kabisa, miguu ikaanza kulegea, ukashindwa kuzuia choo, au ganzi ikakushika sehemu za siri na makalio, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu maji, ninaelewa vizuri kwa nini umeyapunguza, nami nisingependa kukuongezea aibu ya kwenye basi. Nakuomba tu ufikirie kwamba mkojo wa mtu asiyekunywa maji huwa mzito, na mkojo mzito huchokoza ukuta wa kibofu ambao tayari umechokozeka. Wengine hupata ahueni kwa kunywa kidogokidogo mchana na kupunguza jioni. Chai ya rangi, kahawa, soda, pilipili na machungwa huwasumbua baadhi ya wagonjwa wa kibofu na wengine haziwafanyi lolote. Ungeweza kuziacha kwa zamu, kimoja baada ya kingine, uone mwili wako unasemaje, badala ya kujinyima vyote kwa pamoja. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga na kuwekwa chini ya kitovu huwatuliza wengi, hasa kwa baridi yenu. Ukiweza, andika kwenye daftari kwa siku tatu: saa uliyokojoa, kiasi kwa kikombe chenye vipimo, maumivu kwa alama ya 0 hadi 10, ulichokula na hali ya choo chako. Daktari mwenye foleni ndefu husoma ukurasa kama huo kwa dakika moja, na hapo hutahitaji kujitetea.

Sasa mume wako. Swali lake lilikuumiza, na lingemuumiza mwanamke yeyote. Ila nimejiuliza kama lilikuwa shtaka moja kwa moja, au lilikuwa swali la mtu ambaye kwa muda mrefu anaogopa kwamba hapendwi tena na hajui amuulize nani. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Ninachojua ni kwamba misuli inayobeba nyonga kwa chini hupata amri kutoka vipande vilevile vya S2 hadi S4, na kibofu kikiuma kwa muda mrefu misuli hiyo hujikaza bila mwenyewe kupenda. Ikiwa imekaza, tendo la ndoa huuma, hata kwa mtu unayempenda. Baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia hufundisha namna ya kuilegeza kwa kupumua na mazoezi, na unaweza kumuuliza daktari kama hospitali ya rufaa inaye mtaalamu wa aina hiyo. Ukimweleza mume wako haya kwa maneno yako, anaweza kuamini, anaweza pia kuona unajitetea. Mkienda wote kliniki, atayasikia kutoka kwa mtu ambaye hana upande katika ndoa yenu, lakini itabidi ukubali kwamba atauliza maswali ambayo hutaweza kuyapangia majibu. Ungependelea lipi?

Mama mkwe wako nimemfikiria kwa namna ambayo huenda ikakushangaza. Katika nyumba yenu yote, yeye peke yake hajasema kwamba unasingizia. Anaamini unaumwa, ingawa hakubaliani na hospitali kuhusu sababu. Unaweza kumshukuru kwa hilo bila kukubali kwenda kwa mganga, na unaweza kumwambia waziwazi unachokiogopa: dawa za kuingiza ukeni huweza kuunguza mahali panapouma tayari, chale za wembe usio salama huleta maambukizi, na dawa za kunywa ambazo hakuna anayejua zina nini haziwezi kuchanganywa na vidonge vya hospitali. Ukisema hayo huenda akakasirika. Huenda pia akataka akusindikize hospitali, maana mtu mzima anayehangaika hivyo kwa ajili ya mkwe wake, mara nyingi anachotaka ni kufanya kitu.

Juu ya kikao, bado kuna muda kabla ya mavuno. Mshenga wenu yupo? Kwa desturi zetu huyo ndiye mwenye haki ya kusikia mambo ya chumbani kabla hayajafika kwa mawifi, na wewe na mume wako mkikubaliana kwanza juu ya nini kisemwe, yeye anaweza kusema kwa niaba yenu kwamba mke anatibiwa hospitali na kwamba mume analijua hilo. Ukichagua kunyamaza kabisa, uvumi utaendelea kujijazia wenyewe. Ukichagua kueleza kila kitu, yapo mambo ya mwili wako yatakayobaki midomoni mwa watu. Kiasi cha kusema ni chako kukipima, Mwalimu, na hulazimiki kutaja jina la dawa mbele ya mtu yeyote.

Niulize jambo moja la mwisho kwa upole. Mbali na maumivu, moyo wako ukoje? Mtu aliyekosa usingizi kwa miaka na kuitwa mwongo nyumbani kwake anaweza kuishiwa nguvu za kuendelea, na hilo nalo linatibika, tena halifanyi kibofu kiwe cha kusingizia. Ikiwa umewahi kufikiri kwamba ni afadhali usiwepo, mwambie daktari siku hiyohiyo, au nesi, au mtu unayemwamini, na usibaki peke yako na mawazo hayo wala na vidonge hivyo.

Ukirudi kliniki, muulize kuhusu kichocho na kifua kikuu, muulize kama unaweza kuanza na dozi ndogo kuliko ile aliyoiandika, muulize usubiri muda gani kabla hamjaamua kama dawa inasaidia, na nini kitafuata ikishindwa. Kisha uniandikie alichojibu, na kama mume wako alikuwa nawe chumbani, uniandikie na yeye alisema nini, tuendelee kuanzia hapo.